Muhogo Uliokwenda kwa Mbunge

Watu wanaopita mbele ya kitalu changu hapa Morogoro hudhani nilirudi na hela za bahati nasibu. Hapana. Nilirudi na vile nilivyokwenda navyo: stashahada ya kilimo cha bustani na mikono yangu. Niliingia London nikifagia ghala la maua huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Nilipoondoka, nilikuwa msimamizi wa nyumba za vioo, na Waingereza wenyewe walikuwa wakiniuliza mimi wamwagilie lini. Nayataja haya mapema ili usije ukashangaa kwa nini mama mmoja Mkongo, alipopatwa na shida ya mmea, hakwenda kutafuta mtu mwingine.

Mama huyo alikuwa jirani yangu wa chini, upande wa Lewisham. Mimi nilipanga chumba ghorofani, yeye alikaa chini kwa sababu ya miguu. Alikuwa na ugonjwa wa neva unaokaza misuli mpaka mtu anashindwa kuvaa soksi. Alikuwa amefanya kazi ya kuhudumia wazee miaka mingi, akiwainua watu vitandani, na sasa yeye mwenyewe alikuwa akiinuliwa. Aliniita Agronomo. Kwao bwana shamba ndivyo anavyoitwa, nami sikumkataza. Jina zuri halikataliwi.

Siku moja nilimletea mchicha niliouotesha kwenye ndoo. Nikamkuta amekaa, mguu mmoja unaruka peke yake kama samaki aliyevuliwa.

"Dawa imechelewa tena," akasema. "Wanasema gari la mizigo. Kila mara gari la mizigo."

"Dawa gani, mama?"

Akanitajia. Nikaweka mchicha chini. Kwetu mtu mzima, muumini, mwenye kitenge cha kwaya, hatamki neno bangi akiwa amekaa sebuleni kwake chini ya picha ya Yesu.

"Usitoe macho," akasema. "Daktari ameniandikia. Inakuja na jina langu kwenye kopo, inanuka kama majani ya mbuzi, na mguu unanyamaza. Sasa niambie, wewe unayesema unaotesha kila kitu: hii unaiweza?"

"Naiweza nikiwa nimelala."

"Basi lala, kwa sababu imekatazwa."

Hapo ndipo nilipoijua sheria ya Uingereza kuliko nilivyotaka. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari anaruhusiwa kuitumia dawa ile. Akiiotesha dirishani mwake, hata mche mmoja, amekuwa mhalifu. Na mama yule hakuwa mtu wa kucheza na uhalifu. Alifika kama mkimbizi, alisubiri karatasi mpaka nywele zikabadilika rangi, na sasa alikuwa amebakiza kula kiapo cha uraia tu. Kesi moja ya polisi ingemrudisha mwanzo wa foleni, au nje yake kabisa.

"Siko naomba kuiba," akaniambia. "Niko naomba ruhusa. Sisi wenye kopo, watuachie miche yetu nyumbani, waje wahesabu wakitaka. Gari la mizigo likikwama, mimi nisikwame."

Mbunge wao alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye ukumbi wa maktaba na kusikiliza shida za watu. Mama akachukua nafasi. Akaniomba niende kama mtaalamu, nieleze kwamba mmea wa dirishani si shamba la magendo. Nilikubali kabla hajamaliza.

Sasa, mtu aliyesoma kilimo Tanzania anajua jambo moja. Bwana shamba haendi kwenye mkutano mikono mitupu. Ukienda kuongea mahindi, unabeba hindi. Ukienda kuongea mnyauko, unabeba mgomba ulionyauka. Watu waone, washike, wanuse. Hilo ndilo shamba darasa, na ndivyo nilivyofaulu mtihani wangu wa vitendo nikaongoza darasa zima. Lakini mmea wenyewe nisingeweza kuubeba, maana ndio uliokatazwa. Nikahitaji wa mfano: wa kimo kilekile, unaokaa kwenye chungu, unaopenda joto la ndani. Nami nilikuwa nao. Juu ya kipasha joto cha sebule ya mama nilikuwa nimemwoteshea muhogo, kutokana na kipande cha shina nilichopewa kazini, apate majani ya sombe, ambayo sisi tunayaita kisamvu. Ulikuwa umestawi vizuri mno, majani yamekunjuka kama vidole.

Ndiyo, vidole. Wewe unayesoma umeshaona. Mimi nilikuwa nimeuzoea muhogo tangu utotoni, na mtu aliyekula kisamvu maisha yake yote hawezi kuuona kama kitu kingine.

Tulikwenda msafara mzima. Mgonjwa wa Kikongo haendi ofisini peke yake, kwa hiyo wamama wa kanisa walikuja na sare zao, mmoja akisukuma kiti cha magurudumu, wengine wakiimba kidogo kidogo. Mimi mbele na chungu. Kwenye basi kijana mmoja alinipa ishara ya dole gumba. Nikadhani ni mpenda kilimo.

Mlinzi wa maktaba hakutoa dole gumba. Aliutazama mmea, akasikia mama akimwambia karani kwamba tumekuja kuongea habari za bangi, akatoka nje na simu. Tulipoitwa mbele ya mbunge, nikaweka chungu mezani, nikakohoa kidogo ili nianze, na polisi akaingia.

"Huu mmea ni wa nani?"

Nilimwona mama akishika mikono ya kiti chake. Hakuwa anafikiria mguu. Alikuwa anafikiria kiapo.

"Wangu," nikasema. "Na ni mboga."

"Mboga?"

Mmoja wa wamama akaruka. "Sombe! Wewe baba, sombe imekuwa kesi? Unatwanga, unachemsha sana, unatia mawese!"

"Yaya, mwache Agronomo aseme," mwingine akamkanya; kwao yaya ni dada mkubwa.

Nikasema. Afisa, tazama ukingo wa jani: bangi ina meno kama msumeno, hili ni laini. Nikavunja kikonyo kimoja, utomvu mweupe ukadondoka mezani kwa mbunge. "Maziwa haya ni ya muhogo. Ile mingine haina."

"Na wewe ile mingine umeijuaje?" polisi akauliza.

"Stashahada," nikajibu.

Mbunge alicheka kwanza, kisha polisi naye akashindwa kujizuia. Hapo mama akafungua mkoba wake. Akatoa kopo, akaliweka kando ya chungu, jina lake likiwa mbele.

"Bangi ni hii hapa," akasema. "Imekuja nasi kwenye basi."

Polisi akasoma kibandiko cha duka la dawa, akasoma tena, akamrudishia kwa mikono miwili. Kila kitu halali.

"Mmeona?" mama akasema. "Mmekimbilia mboga, na dawa mmeipa heshima. Dawa hii ni halali ikitoka kwenye gari. Ikitoka dirishani kwangu, mimi ni mwizi. Ni mmea uleule, mguu ni uleule. Naomba mtofautishe mgonjwa na muuzaji, mtuandikishe, mje mtuhesabie miche, mtuache."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kuhusu mwanga na unyevu. Sikuitoa. Mtaalamu hujua mmea ukishashika, haumwagiliwi tena.

Mbunge aliandika, akauliza maswali ya maana, akaahidi kulipeleka suala serikalini, na akalipeleka. Jibu lililorudi lilikuwa la adabu na la hapana. Mama alikula kiapo chake kwa kitenge kipya, bila doa, na siku iliyofuata alianza kukusanya wagonjwa wenzake wenye makopo ili warudi kwa mbunge wakiwa wengi.

Nami nikarudi nyumbani kujenga kitalu hiki unachokiona. Kabla sijaondoka alinituma nimwandalie chungu cha pili, udongo wenye mboji na changarawe chini, kikubwa na safi. Kipo kando ya muhogo sebuleni kwake mpaka leo. Hakijapandwa kitu.

Hunipigia simu Jumapili baada ya ibada.

"Agronomo, udongo huu hauchoki kusubiri?"

"Ugeuze kwa uma, mama. Nyunyiza maji kidogo."

"Siku wakikubali utakuja kupanda?"

"Nani mwingine anaweza?"

"Ehe, ameanza," anawaambia wamama walio naye, nami nawasikia wakicheka, na uma ukikwaruza kwenye chungu.