Mwenye loji kaja kuomba netiwaki kwangu

Leo mwenye loji alisimama mlangoni kwangu akiomba netiwaki. Someni vizuri. Yeye, kwangu.

Wenye watoto kambi za wakimbizi Uganda mnamjua. Tulikuwa tunakaa nje ya ukuta wake hapa mtaani Hai Malakal tudake netiwaki yake, tusikie tu sauti za watoto kwenye simu.

Akawa anamwaga maji machafu pale chini ili tusikae. "Nendeni. Hii si ya serikali."

Sasa dishi lake la netiwaki limekufa. Na mimi kaka yangu, yule wa mizigo uwanja wa ndege, kaniletea modemu. Kina mama wa ukutani wote wamehamia kwangu.

"Mama Poni, malesh, nisamehe," akasema. "Mke wangu yuko kwenye basi la Nimule, kule mpakani. Nasikia njiani wanapiga risasi."

Nilimwelewa, siwadanganyi. Hofu hiyo nalala nayo kila siku.

Lakini nikamwambia, "Mzee, netiwaki ni haki ya kila mtu, kama kisima. Haki yako unayo. Panga foleni."

Akawaangalia kina mama. Hakuna aliyempisha.

Mama Keji, ambaye huwa haongei sana, leo alirefusha simu, akamwuliza mwanawe hadi chakula walichopika juzi.

Mzee anatoka jasho tu.

Zamu yake ikafika. Mke akapokea simu, akasema wameshavuka mpaka salama. Mzee akalia.

Nilimshika bega, mimi pia ni mzazi. Ila nilifurahi kumwona akilia, na mpaka sasa nafurahi.

Anayeniona mbaya aandike hapa chini. Nitasoma, netiwaki ninayo.