Nilivyouvuta Mkungu wa Mama Mkwe kama Mashua

Naona haya kuisimulia hii, lakini watu wa Mbau, kijijini kwa wakwe zangu, wamekwisha kuisimulia kwa niaba yangu, tena kila mmoja ameongeza chumvi yake, basi bora niseme mwenyewe nilivyoanguka mbele ya mama mkwe wangu, na nguo yangu ilivyobaki nyuma.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya gasi, mji wetu wote wa Mocímboa tunaota mchana. Walisema imeonekana huko baharini, nyingi, na mimi niliyekuwa mchukuzi bandarini nikaacha kubeba magunia, nikaandika kurikulu (ile karatasi ya kueleza umewahi kufanya kazi gani), humo nikajiita fundi wa kamba, nikaipeleka kwa kampuni tatu, kisha nikakaa barazani kungoja kuitwa. Nilikaa miezi. Nikitazama mawingu nilikuwa nayapangia nyumba yangu, chumba hiki cha wageni, hiki cha Zaina na cherehani yake, na nilikuwa na raha kweli, sitasema uongo, ila Zaina mke wangu hayo mawingu hakuyaona, yeye alikuwa anaona chungu kitupu. Siku moja akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kwao Mbau. Hakugomba hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikamfuata. Mama mkwe akanipokea kwa heshima zote, akanipa maji ya kunywa, kisha akasema binti yake hawezi kurudi kwa mtu ambaye mikono yake imesahau kazi, lakini na mimi ni mwanawe, na huko nyuma ya nyumba kuna mti wa mkungu umeliinamia banda lake la jiko, mvua nazo zinakaribia, kwa hiyo nikiuangusha salama atazungumza na Zaina. Kwa ufupi, ndoa yangu ilikuwa imening'inia kwenye ule mti.

Shemeji yangu Bakari, kaka yake Zaina, kuangusha miti ndiyo kazi yake. Alipanda akafunga kamba juu, akashuka akakata kinywa kwenye shina upande tunaotaka uangukie, kisha akanieleza taratibu kwamba mti umeinama huku nasi tunautaka kule, kwa hiyo kamba lazima ipitie kwenye kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, lililofungwa kwenye mti mwingine, ili wavutaji wasimame kando. Kapi liko kwa rafiki yake, anakwenda kulichukua kwa baiskeli. "Shemeji, upande wa nyuma wa shina usiuguse mpaka nirudi," akasema.

Wanaume wa jirani walikuwa wamekwisha kuja baada ya alasiri, wamekaa wanangoja, na mimi nikaona mambo ya kapi ni mapambo tu. Sisi watu wa pwani tumezaliwa tunavuta. Mashua tunaikokota mchangani, juya la kuvulia samaki tunalivuta, watu mstari mmoja, nyuso kwa kile kinachovutwa, na wa mwisho anajizungushia kamba kiunoni isiteleze. Nikawapanga hivyo hivyo, mbele ya mti moja kwa moja, ingawa urefu wa kamba uliuzidi ule wa mti kidogo tu. Wa mwisho nikawa mimi (fundi wa kamba). Jirani mmoja nikamwambia apige shoka nyuma, kidogo, aulegeze. Nikaanzisha wimbo wa kukokota mashua.

Ilikuwa saa nzuri sana. Jua limepoa, tukivuta mti unakuja, tukilegeza unarudi, majani yake ya kijani na mekundu yanapepea juu yetu polepole, na mimi nikajikuta nimevaa kofia ngumu ya kampuni, watu mia wanavuta kwa wimbo wangu, Zaina anakuja na sahani iliyofunikwa. Kumbe yule wa shoka naye alikuwa anafuata wimbo, pigo moja kwa kila kiitikio, na mimi mwimbaji sikuwa na haraka ya kumaliza.

Mashua ukiacha kuivuta, inasimama. Mti hausimami. Shina lilipolia, wenzangu waliachia kamba wakatawanyika kama kuku, mimi nikabaki nimefungwa, natazama kivuli kinanijia bila haraka yoyote. Nikageuka kukimbia, kamba ikalegea, ikanizonga miguu, nikaenda chini kifudifudi. Muislamu mwenye akili zake angetamka shahada. Mimi nikaita, kwa sauti ya mbuzi aliyeona kisu, "Zaina! Zaina!" Na kwetu mtu hamwiti mkewe kwa jina mbele ya mama yake, ni Mama Amina, basi.

Kisha kukawa kimya. Matawi ya kileleni yalikuwa yamenifunika, nina mikwaruzo tu. Mle ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya majani mabichi, sisimizi mmoja anapanda kidole changu, nikafikiri huenda nimekufa, na kwamba si vibaya sana. Nikamsikia mama mkwe anauliza kama niko hai. Nikasimama nimjibu kwa adabu, msuli wangu, ile nguo niliyojifunga, ukabaki kwenye tawi. Yeye akanipa mgongo, akalitazama banda lake. "Jiko limesalimika," akasema. "Mpeni mtu huyu nguo."

Bakari aliporudi na kapi lake hakucheka. Alipima kwa hatua kutoka shinani mpaka nilipoanguka, akaniambia kama ningekuwa hatua mbili karibu zaidi na mti, dada yake angekuwa mjane. Mama mkwe naye akashikilia neno lake: alisema salama, na ile haikuwa salama, kwa hiyo hana la kuzungumza na binti yake.

Nikaupasua ule mti kuni wiki nzima, watoto wanapita wanaita Zaina, Zaina, kwa sauti ya mbuzi. Siku ya mwisho nikaaga, nikaenda barabarani kungoja gari. Nikasikia hatua nyuma yangu. Ni Zaina, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Nikamuuliza kama mama ameruhusu.

"Mama hajasema kitu," akajibu. "Miezi yote ile tulikaa nyumba moja, Baba Amina, hukuniita hata mara moja, mpaka siku ile ya mti."

Nikampokea mzigo. Kuota sijaacha, Mungu anisamehe, lakini mti sivuti tena kwa wimbo, na kila asubuhi nikitoka kwenda kazini bandarini namwita kwa jina lake, mama yake awepo asiwepo.