Pono na Chandarua Chake

Marehemu mume wangu alikuwa mzamiaji. Usiku aliingia baharini kutoka ufukweni, mtungi wa hewa mgongoni, kuwachunguzia watafiti samaki. Mimi nilisimama nchi kavu na taa, maana taa hiyo ndiyo iliyomwonyesha njia ya kutokea kati ya miamba.

Kila akitoka alikuwa na jipya. Mara pweza kageuka rangi, mara kamba ana macho yanayowaka. Siku moja akaniambia samaki pono hulala ndani ya chandarua cha ute, kajitengenezea mwenyewe.

"Mzee, maji ya chumvi yamekupanda kichwani," nikamwambia.

"Haya, mama watoto. Niite mwongo."

Usiku mmoja nikamwona kaa mkubwa, nikamfukuza na taa yangu mkononi hadi nikajisahau. Mume wangu akaifuata taa, akatokea kwenye mawe makali, goti linavuja damu.

"Kuanzia leo taa itafungwa kwenye nguzo," akasema akihema. "Nguzo haifukuzi kaa. Wewe utazama nami."

Alinifundisha miezi mitatu, nikiwa na miaka hamsini na mbili, majirani wakinicheka. Tukazama. Akamulika chini ya jiwe, nami nikamwona pono amelala fofofo ndani ya chandarua chake.

Chini ya maji huwezi kuomba radhi, nikambana mkono. Akanibana na yeye, mara mbili.

Miaka tisa sasa hayupo. Wajukuu wakinibishia habari za pono, nawaambia waende wakazame wajionee.