Kamba Siku ya Uhuru

Juzi nilisimama sokoni Lubao, kwa muuza kamba za ng'ombe. Harufu ya mkonge mpya ikanirudisha mbali.

Ilikuwa asubuhi ya sherehe za uhuru. Mwalimu wetu alitushikisha kamba moja ndefu ya mkonge ili tusipotee kwenye umati mjini. Nyuzi zilinichoma viganja, lakini nilitembea nikiimba.

Tulipokaribia kwetu, kukhu, mama mzaa baba, alitoka mbio akasimama katikati ya barabara.

"Waachilie watoto wa watu!" akapiga kelele.

"Sijawafunga, kukhu," mwalimu akasema kwa upole. "Wanashika tu."

"Mimi nilitembezwa na kamba kama hiyo. Hapa, shingoni."

Nyimbo zikakatika. Hapo ndipo niliposikia mara ya kwanza kwamba kukhu hakuzaliwa huku kwetu. Alitekwa na msafara wa wauza watumwa akiwa mdogo kama mimi, akatoroka karibu na Mumias, na watu wa ukoo wetu wakamlea.

Mwalimu aliikunja kamba, akaitupa kichakani, kisha akamwomba kukhu aende nasi. Kukhu alinishika mkono hadi uwanjani. Bendera ilipopanda, wanawake walipiga vigelegele. Yeye akamgeukia mwalimu.

"Sasa mtu akitaka kurudi kwao, hakuna wa kumzuia?"

"Hakuna, kukhu."

Aliutazama umati.

"Nilikuwa mdogo sana," akasema. "Kwetu nimepasahau."