Ndoo ya Mama Jirani

Siku ile kijitoni tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu niliyembeba mgongoni, na mama jirani aliyekuja kufuata simu yake. Nikisikia harufu ya dawa ya kabichi hata leo, nawaona wote.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Shule niliiacha tulipomzika mama, nikashika shamba lake. Mdogo wangu alikuwa ameingia shindano la wanafunzi la video za kulinda vyanzo vya maji, na jirani akamwazima simu. Akarekodi mawe, akarekodi migomba, kisha akanirekodi mimi nikisuuza bomba la kupulizia dawa, kama mama alivyokuwa akifanya. Maji yakateremka meupe kama tui.

"Hapo ndipo patamu, dada!"

"Futa."

"Nikifuta nitapeleka nini, mawe?"

Jirani akaichukua simu, akatazama video mara mbili. Nyumba yake ilikuwa bondeni, na maji yake yalikuwa hayo hayo.

"Kumbe ndiyo chai yangu hiyo," akasema. Akamrudishia mdogo wangu simu. "Ipeleke hivyo hivyo, mwanangu. Dada yako ataniletea maji ya chemchemi."

Video haikushinda. Bomba nasuuzia shambani siku hizi, mbali na maji. Na kila asubuhi nampelekea ndoo yake. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, narudi zangu. Samahani yake bado ninayo, sijamwomba.