Watu Sita wa Kutoa Damu

Binti yangu alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alipofika miaka saba, hakuweza kutembea kutoka nyumbani hadi ufuoni Usenge, mahali ninapoanika dagaa wa omena, bila kuchuchumaa njiani, midomo imegeuka rangi ya wino.

Wafadhili wakakubali kulipia upasuaji wote. Hospitali ya Kisumu ilituomba kitu kimoja tu: watu sita wa kutoa damu.

Sita! Ukoo wa mume wangu peke yake unajaza kanisa. Nilipiga simu hadi sikio likaniuma. Huyu ana presha. Yule amesikia damu huuzwa. Shemeji yangu mkubwa akasema, "Mama, mimi nikiona damu nasikia kizunguzungu." Siku ilipofika tulikuwa mimi na mume wangu. Mimi wakanikataa kwa sababu nilikuwa mjamzito. Upasuaji ukaahirishwa, na kabla ya tarehe mpya mtoto akafa.

Kwenye mazishi walikuja wote. Walikuja na hema, na spika, na fahali mkubwa kuliko meza yetu ya chakula. Kila mmoja alishika maikrofoni akasema jinsi alivyompenda.

Mimi nilikuwa nimekaa kando ya jeneza, nikiona kila kitu. Aliyemchinja yule fahali ni shemeji yangu mkubwa. Mkono haukumtetemeka. Akapaza sauti wanawake walete beseni haraka, damu isipotee bure.