Nilivyoshinda kwa Nyekundu

Nyumbani kwetu Bigwa neno "nyekundu" lilikuwa halitamkwi. Mume wangu alisema "ile rangi", na sote tukamwelewa. Nyanya hazikuwa na rangi, zilikuwa zimeiva tu. Beseni tuliloletewa na dada yake siku ya arusi lilihamia kwa jirani kabla halijatiwa maji. Yeye ni mtu wa kijani tangu tumboni, mwanachama wa tawi mwenye kadi, na mimi, ingawa nilizaliwa juu milimani ambako redio moja ilisikilizwa na nyumba nyingi, ni kijani vilevile, tena wa kupaza sauti. Anayeijua nchi hii hahitaji maelezo: timu mbili za soka za Kariakoo, watani wa jadi, na kila mtoto anazaliwa upande mmoja.

Mimi ni fundi nguo. Nashona sare za shule, magauni, na ligi ikikaribia nashona bendera na skafu za pande zote mbili, maana cherehani haina timu. Vitambaa vya ile rangi mume wangu alikuwa akivifunika kwa shuka hadi mteja aje kuvichukua.

Sasa klabu yetu ya sataranji. Ilianzia kwenye kibaraza cha chumba changu cha kushonea, kwa seti moja ya plastiki, nyeusi na nyeupe, ambayo iliisha kwa kupotea kete moja moja. Kuku mmoja alionekana kabisa akikimbia na askari mweupe mdomoni. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akaenda kwa seremala wa Kihonda atuchongee nyingine. Seremala alichonga vizuri sana, farasi wana masikio kabisa, ila zote kwa mbao ileile ya mtiki, huwezi kujua kete ipi ya nani. Ikabidi zipakwe. Na rangi zilizokuwa karakana ni mbili tu: masalia ya mabenchi ya tawi la nyekundu, na masalia ya mabenchi ya tawi la kijani.

Mahali pengine mtu angeuliza, ipi basi ndiyo nyeupe? Sisi tulishangilia. Siku zilipoletwa watu walikaa wenyewe, bila kuambiwa, kila mtu nyuma ya timu yake. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya kibaraza. Nani anaanza, tunarusha sarafu; nani anachukua rangi gani, hilo haliulizwi, kama ambavyo huulizwi jina la ukoo wa mama yako. Watu wawili wa kijani wakitaka kucheza, wanasubiri mtu wa nyekundu apite. Miaka yote hiyo sikuwahi kusogeza hata askari mmoja wa ile rangi. Nilijifunza ubao mzima nikiwa upande mmoja, na kila chekundu nilichokiona nilikiona ili nikile.

Nami nilikuwa nakula sana. Nasema bila haya: pale Bigwa hakuna aliyekuwa akinikalia kwa raha. Lakini kwenye mashindano ya mkoa nilikuwa na gundu. Kila mwaka nilifika raundi ya mwisho nikihitaji kushinda mchezo mmoja tu niingie timu ya mkoa, na kila mwaka mchezo huohuo ndio niliopoteza. Nilikuwa nikirudi nyumbani, navua viatu, nakaa kwenye cherehani, nashona huku nimenuna hadi nyuzi zinakatika. Mume wangu alikuwa anaweka chai kimya kimya na kuondoka. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha dukani. Nimewashonea wengine sare maisha yangu yote; nilitaka mara moja nivae mimi.

Mwaka jana nikafika tena raundi ya mwisho. Ukumbi ulikuwa wa shule moja pale mjini, madirisha yanaangalia mlima, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Asubuhi ile ikagundulika kwamba mfuko mmoja wa kete za mashindano umesahaulika huko ulikotoka. Meza moja haina kete. Mwenyekiti wetu, ambaye huwa haachi seti yetu nyumbani hata akienda msibani, akainua mkono haraka kabla sijamzuia.

Mwamuzi alikuwa dada mmoja kutoka Dar es Salaam, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alichukua mfalme mmoja wa kila upande, akaenda nao dirishani, akawageuza.

"Kanuni inataka upande mmoja mweupe au wa rangi nyepesi, mwingine mweusi au wa rangi nzito," alisema. "Hapa ipi nyepesi?"

Swali lilikuwa halijawahi kuulizwa.

"Basi nyekundu itahesabiwa nyeupe, ndiyo itaanza. Kijani itahesabiwa nyeusi. Mchezaji asiyeziona vizuri aseme sasa."

Meza iliyokosa kete ilikuwa yangu. Na ratiba ilikuwa imenipa nyeupe.

Mpinzani wangu alikuwa kijana mmoja wa Dakawa, mkulima wa mpunga, mrefu, mcheshi, amekuja na jezi nyekundu kama vile anakwenda uwanjani.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba."

Kisha akaona kete alizopangiwa. Akarudi nyuma hatua nzima.

"Mimi? Nisukume kijani? Astaghfirullahi!"

Ukumbi ulicheka hadi mwamuzi akagonga meza. Kijana akaniinamia kwa heshima zote. "Mama yangu, sisi tunaelewana. Chukua kijani chako, nipe nyekundu yangu, tucheze kwa amani."

Mwamuzi akafikiri. "Kwa kuwa kete zenyewe si za kawaida, mkikubaliana nitaruhusu. Lakini nyekundu ndiyo inayoanza. Mama akiachia rangi, ameachia na kuanza. Uamuzi ni wake."

Nikatazama nyuma. Mume wangu alikuwa amekuja kunishangilia, kavaa shati lake la kijani la siku za fainali. Alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu: chukua kijani, chukua! Kila mtu wa kibaraza chetu alikuwa anatikisa kichwa hivyohivyo. Na mimi mkono ulikuwa tayari umeanza kwenda. Lakini kuanza ni kuanza. Anayeanza ana pumzi moja zaidi ya mwenzake, na mimi raundi ya mwisho nilikuwa nahitaji kila pumzi. Halafu, niseme kweli, huyu kijana alinichekesha vibaya; nani kamwambia kwamba mimi natafuta amani?

"Sibadilishi," nikasema.

Nikamsukuma askari mwekundu. Nyuma yangu mtu akashusha pumzi kama amefiwa.

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu yangu haikuchelewa. Mwanzo nilikwenda vizuri, nikitamka moyoni: nyekundu ni yako, nyekundu ni yako. Tukabadilishana malkia, ubao ukapungua, nikapata nguvu. Kisha nikaona ngome nyekundu imemnyooshea kidole farasi wa kijani. Nikaona hatari. Mkono wangu ukatoka mbio kumwokoa farasi, nikamshika masikio.

Masikio yale ya mtiki ndiyo yaliyonizindua. Nilikuwa nimeshika kete ya adui. Aliyekuwa anamtisha ni mimi.

"Umegusa, mama," mwamuzi alisema taratibu. "Ukigusa kete ya mwenzako na unaweza kuila, lazima uile."

Nilikuwa naweza kumla, kwa ile ngome yangu, na farasi alikuwa analindwa. Nikamla. Ngome yangu, mali kubwa, ikaondoka kwa farasi, mali ndogo. Na hapo, katika ukimya ule, nikasikia kofi moja. Kofi la furaha kabisa. Nikageuka. Mume wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Ameona ile rangi imeanguka, mikono imeshangilia kabla akili haijafika.

Nilikasirika jamani. Nilikasirika hadi masikio yakawa ya moto. Nilijua huyu ndiye atakayeniwekea chai kimya kimya jioni, na nikaapa chai ile sitainywa. Lakini hasira ile ilinifanyia kitu kizuri: iliniosha macho. Kama mume wangu mwenyewe alikuwa upande wa kijani, basi mimi sikuwa upande huo tena. Nilikuwa peke yangu na vyekundu vyangu vichache, na kwa mara ya kwanza nikavionea huruma. Nikamtazama yule mfalme mwekundu aliyejificha pembeni nikamwambia, tulia, nipo.

Ndipo nikamtazama na kijana wa Dakawa vizuri. Mikono ilikuwa inajua mchezo, lakini moyo haukuwepo. Mfalme wake, ngome zake, hao aliwalinda, maana alikuwa mchezaji. Ila askari wake wa kijani aliwaacha kama vifaranga wasio na mama. Nikimla mmoja, hakuna mkunjo usoni. Nikimla wa pili, nusura atabasamu. Mtu wa nyekundu toka Dakawa, ataliliaje kijani kidogo kilichoondoka ubaoni? Mdharau mwiba mguu huota tende. Kila askari aliyemdharau alikuwa analinda njia, na njia ile ilipobaki wazi, askari wangu mmoja wa pembeni akaanza kupanda.

Alipanda kama mama zetu wanavyopanda mlima na mzigo wa ndizi kichwani, bila haraka, bila kusimama. Askofu wangu akamtangulia akimsafishia njia. Meza nyingine zilikuwa zimekwisha na watu wamejaa nyuma ya kamba. Upande wa kijana walikuwa wamesimama watu wa nyekundu, wenzake, na nikawaona wanaanza kuhama. Kwanza mama muuza juisi mwenye skafu niliyoishona mwenyewe, kisha wawili, kisha kundi. Walikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Watu ambao siku za mechi hatusalimiani! Kijana aliinua macho akawaona ndugu zake wote wako kwangu, na yeye yuko peke yake na kijani. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Askari wangu akakanyaga mstari wa mwisho. Mwamuzi akanipa malkia mwekundu kutoka pembeni ya ubao, nikamsimika. Hatua chache baadaye mfalme wa kijani alikuwa kwenye kona, hana pa kwenda. Mfalme niliyemlinda maisha yangu yote! Nilimfungia kona ile kwa mkono wangu, na sikuona uchungu hata chembe. Nilifurahi. Nilifurahi hadi magoti yakagonga meza.

Kijana alisimama, akanipa mkono kwa mikono miwili. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini mama, yaani umenipiga na timu yangu mwenyewe!"

"Na wewe umeniulia ya kwangu," nikamwambia. Tukacheka hadi mwamuzi naye akacheka.

Watu wa nyekundu walinibeba. Siongezi chumvi: walininyanyua, fundi nguo mwenye nyonga zangu hizi, wakanizungusha ukumbi mzima wakiimba nyimbo ambazo kwangu zilikuwa haziingii hata dirishani. Mwenyekiti wetu akawa anakimbia nyuma akiokota kete. Na kule mlangoni mume wangu alikuwa amesimama na shati lake la kijani, ametupwa na umati, hajui acheke au alie. Niliposhushwa nikampita kama simjui. Nilikuwa nimeapa.

Tulirudi Bigwa jioni, mimi mbele, yeye nyuma amebeba mkoba wangu. Habari ilikuwa imetangulia. Kwenye benchi la tawi la kijani, njia panda ya nyumbani kwetu, walikuwa wamekaa wenzake wote wanatusubiri, na wa kwanza akaanza.

"Shemeji! Tumesikia umehamia kwa wenzetu?"

"Amebebwa nao kabisa," mwingine akadakia. "Bwana, mkeo kakuacha au vipi?"

Walicheka. Nilipunguza mwendo, sikugeuka. Nikasikia hatua zake zimesimama nyuma yangu, na nikangoja aseme lile la siku zote, lolote, mzaha upite.

"Hajahama," mume wangu alisema, kwa sauti ya kusikika hadi nyumba ya nne. "Kaingia timu ya mkoa. Kashinda, na kashinda kwa nyekundu."

Sidhani kama pale benchini kuna aliyekuwa amewahi kulisikia neno lile kinywani mwake, hata mimi sikuwa nimewahi. Akanifikia, akaupachika mkoba begani, tukaongozana hadi nyumbani. Alipoleta chai niliinywa yote.